Friji Iliyozuia Daraja

Kwa heshima na taadhima, walimwengu wote wanatangaziwa kwamba daraja la kilomita nne na nusu, litakalounganisha kisiwa kikubwa na kisiwa kidogo kwa mkopo wa benki ya ng'ambo wenye sifuri nyingi kuliko vifungo vya koti la jenerali, lilisimama karibu siku mbili kwa sababu ya friji. Haikuwa friji ya waziri wala ya balozi. Ilikuwa ya muuza vipuri vya pikipiki, na mlango wake haukufunga mpaka uusukume kwa goti.

Friji hiyo iliingia katika historia kupitia nyumba ya vyumba viwili mwisho wa barabara ya gatini. Waliishi humo watu wanne. Baba alikuwa mtu wa kamba kwenye kivuko: kivuko kikikaribia gati, yeye ndiye aliyerusha kamba, akaifunga, akateremsha lango ili magari na watu washuke. Mama alishona sare za shule kwa cherehani ya miguu. Bibi, mzaa baba, alivuka kila Jumanne kwenda kliniki ya macho kisiwa kikubwa, akirudi na matone mapya na malalamiko yale yale. Wa nne alikuwa binti wa nyumba, aliyekuwa likizoni kutoka shule ya bweni: mtoto mpole, msikivu, mwenye adabu za kupigiwa mfano. Hatutamtaja sana kwa sababu hakuhusika na lolote.

Benki ya ng'ambo haikuwa na haraka. Ilisema haitatoa hata senti mpaka iletewe ripoti ya watu watakaopoteza riziki siku kivuko kitakapostaafishwa, na mpango wa kuwafuta machozi. Walioajiriwa waliingia kwenye orodha siku ya kwanza. Baba hakuwa ameajiriwa. Alikuwa kibarua wa siku kwa miaka ishirini na miwili, bila karatasi hata ya kufungia karanga. Vibarua walikuwa na mlango mmoja tu: karani wa mradi awatembelee nyumbani, aone walicho nacho, apime kama kweli wanakitegemea kivuko. Ukiingia, unapata mafunzo, posho ya miaka miwili, kisha kazi ya matunzo ya daraja yenye mkataba na bima. Usipoingia, unapungia daraja mkono kama watalii. Orodha ingefungwa Ijumaa saa sita mchana.

Hayo ndiyo yaliyokuwa mezani. Tuseme mkekani, maana meza ilikuwa ya cherehani.

Jumatatu asubuhi barua ilikutwa chini ya mlango. Baba aliifungua kwa kisu cha jikoni, polepole, kama anayepasua jipu la mkubwa. Ilisema kaya yake itatembelewa Jumatano na karani pamoja na mtaalamu kutoka benki ya ng'ambo. Ikaendelea kusema kwamba kaya teule inatakiwa iwe na viti vyenye mito, maji ya kunywa yaliyopozwa kwa mtambo, na mandhari ya kuwaridhisha wafadhili. Chini kulikuwa na muhuri wa duara wa rangi ya bluu, na ndani ya duara mistari ya mawimbi.

Baba aligusa muhuri kwa kidole. "Ona nembo yao," akamwambia mkewe. "Mawimbi ya bahari. Hawa watu wamejipanga."

Mama hakuangalia mawimbi. Aliangalia chumba: viti viwili vya plastiki, kimoja kimeshonwa mguu kwa waya, mkeka, cherehani, mtungi wa maji wenye kikombe cha bati juu yake. Akauliza maji yaliyopozwa kwa mtambo ni maji gani. Baba akamwambia ni maji ya friji. Mama akasema basi wangeandika friji, watu waanze kulia mapema.

"Tuwaeleze tu tulivyo," Baba akasema.

"Mtu ametoka ng'ambo kuja kukuandika, wewe unamkalisha kwenye waya? Akichanika sketi, orodha hiyo tutaisikia redioni."

Bibi, aliyekuwa kizingitini akitafuta ndala zake, aliingilia kulalamika kwamba panya wametafuna kisigino cha ndala ya kushoto, na sasa anatembea kama mashua yenye mzigo upande mmoja. Binti mpole alimwambia panya wa siku hizi wamesoma, hutafuna duara kamili. Hakuna aliyemsikiliza. Watu walikuwa na mambo ya maana.

*

Kuazima kuna ngazi zake. Chumvi huazimwa kwa kupaza sauti dirishani. Pasi huazimwa kwa kumtuma mtoto. Lakini friji huendewa na mtu mzima, amejifunga kitenge kizuri, na haanzi na friji. Anaanza na afya za watoto wote wa nyumba ile, kwa majina.

Mama aliwahi kwa mke wa muuza vipuri, akakalishwa kwenye benchi la nje karibu saa nzima huku mwenyeji akimalizia kuoga, kisha kusuka, kisha kuongea na simu. Mama alipofika kwenye haja yake, mke wa muuza vipuri aligeuka kuitazama friji yake. Hatimaye akasema friji ataitoa, ila isifunguliwefunguliwe, isiwekwe karibu na jiko, na isiazimishwe kwa mtu wa tatu. Mama akaitikia kila sharti kwa "ndiyo, jirani", kichwa chini, kama mwanafunzi aliyechelewa. Alipoondoka alikuwa na friji, lakini shingo ilimuuma.

Kwa mwalimu mstaafu mambo yalikuwa mepesi. Alisikia nusu ya sentensi akasema chukueni sofa, yeye atakaa kitandani, umri wenyewe unamwelekeza huko. Mjane wa nyumba ya mbele, anayeitwa Jenerali kwa sababu hata mvua humwomba ruhusa, hakungoja kuombwa. Alitoa runinga, saa ya ukutani, glasi sita na pazia, akawaamuru vijana watatu waliokuwa wakicheza bao wabebe. Mmoja alisema mgongo unamuuma. Jenerali akamwambia mgongo usiofanya kazi hauumi, unalalamika.

Friji ilifika kwa mkokoteni, ikisindikizwa na watoto tisa. Ikagundulika kuwa umeme wa nyumba ile, uliozoea taa mbili na redio, hauwezi kuibeba. Jenerali akapitisha waya kutoka kwake, ukavuka kichochoro, ukaingia dirishani nyuma ya pazia lake mwenyewe. Friji ikanguruma. Bibi akauliza ni nani huyo anakoroma.

Jumatano alfajiri chumba kilikuwa hakijijui. Mama alisimama mlangoni, akashika mashavu. Baba alikaa ncha ya sofa, magoti pamoja, kama mgonjwa anayengoja kuitwa. Yule binti naye alikaa, akajiegemeza kabisa, akafumba macho, akawaza leo hili ni letu. Msiniulize nimejuaje aliwaza nini. Msimulizi anajua kila kitu.

*

Wageni walifika saa tatu. Karani alikuwa kijana mwembamba mwenye kishikwambi na jasho. Mtaalamu alikuwa mama mrefu mwenye viatu vya vumbi na Kiswahili cha salamu tu. Alisema "shikamoo" kwa Bibi, Bibi akaitikia "marahaba" kwa sauti ya mtu aliyelipwa deni la zamani.

Walipewa maji baridi. Mtaalamu alikunywa glasi nzima, akashukuru. Mama akamtazama mumewe: umeona?

Karani akaanza kusoma maswali. Wanaolala humu wangapi. Wanaosoma wangapi. Nani analeta riziki. Baba alijibu vizuri, akaeleza kazi ya kamba mpaka mtaalamu akaomba aonyeshe fundo, na Baba akalifunga kwenye mguu wa sofa kwa mkanda wake, mara mbili.

"Friji," karani akasoma. "Ipo au haipo?"

Mama akaitazama friji. Friji ikanguruma. "Si hiyo hapo, mwanangu."

"Ya kaya hii?"

Swali hilo lilikuwa na mlango wa kutokea, lakini ulikuwa mwembamba, na Mama alikuwa amevaa kitenge cha kutembelea. Mbele ya mgeni aliyetoka ng'ambo, sofa limefunikwa, glasi zimepangwa, aseme nini? Akasema, "Ya hapa." Kisha runinga ya hapa, sofa la hapa, saa ya hapa. Baba alifungua mdomo mara moja. Mama akamkanyaga.

Karani alibonyeza, akabonyeza tena, akakunja uso. Alimgeuzia Baba kishikwambi, kwa upole, kama mtu anayekuonyesha kuwa zipu imefunguka. Kiliandika: *Kaya yenye uwezo wa kati. Haitegemei kivuko.*

"Mzee, mashine inajumlisha yenyewe," akanong'ona. "Mimi sina mkono hapo."

Baba alisoma maneno yale mara mbili. Wageni walipoondoka, aliufungua mkanda wake kwenye mguu wa sofa. "Miaka ishirini na miwili nimetamani mtu aniite mwenye uwezo," akasema. "Leo nimeitwa, na ndiyo nimekwisha."

Mama alizisafisha glasi za Jenerali, zote sita, zikiwemo nne ambazo hazikutumika.

*

Saa tisa alasiri Mama alikuwa ofisi ya mradi, chumba cha nyuma cha jengo la tiketi, barua mkononi. Alingoja nyuma ya watu kumi na mmoja waliokuja kueleza jinsi walivyo maskini. Zamu yake ilipofika, waliokuwa nyuma yake kwenye foleni walisogea ili wasikie. Akasema hata hivyo, kwa sauti ya kawaida: friji si yake, sofa si lake, saa si yake, pazia si lake. Mtu mmoja nyuma akacheka, kisha akajifanya anakohoa.

Karani alimwita mtaalamu. Waliongea kwa muda, mtaalamu akawa anasugua paji la uso. Karani akatafsiri kwamba mtaalamu hana tatizo na friji. Tatizo ni kwamba kaya arobaini zimeandikwa. Kama moja ilipambwa, benki itauliza zile thelathini na tisa zilipambwa na nani. Hivyo ripoti haitumwi kwanza. Na kikao cha benki kuhusu mkopo ni wiki ijayo.

"Kwa hiyo nimezuia daraja," Mama akasema.

"Kidogo," karani akakiri.

Njia ilikuwa moja. Kila chenye mwenyewe, mwenyewe aje pale nyumbani, akitambue mbele ya mtaalamu, atie sahihi. Kabla ya Ijumaa saa sita. Hapo ndipo Mama alipotoa barua, akasema wao hawakupanga kudanganya, walitii maagizo. Karani akaisoma, akaigeuza, akaiinua kwenye mwanga.

"Mama yangu, hii si yetu. Muhuri wetu ni mraba. Na sisi hatujawahi kumwandikia mtu kuhusu mito."

Mama alirudi nyumbani kwa njia ndefu ili asipite mbele ya duka la vipuri. Jioni ile walijadiliana ni nani aliyewachimbia shimo. Baba alisema hana adui. Mama akasema adui ni mtu anayekukalisha benchi saa nzima kisha anakupa friji. Nani mwingine alijua kwamba watahitaji friji? Alhamisi asubuhi mke wa muuza vipuri alimsalimia kutoka ng'ambo ya barabara, na Mama akainama kufunga kamba ya kiatu kisichokuwa na kamba.

Binti mpole aliona hayo. Siku hiyo hakula vizuri. Bibi alidhani ni minyoo.

*

Kualika watu waje kukuumbua si kazi ndogo. Mama alipita mlango kwa mlango Alhamisi hiyo, akaeleza yote, ila mlango mmoja alimtuma mumewe. Na Ijumaa saa tano kasorobo, barabara ya gatini ilikuja yote. Waliokuwa wameazimisha walikuja, na ambao hawakuazimisha walikuja vilevile, kwa kuwa haikuwa haki wakose.

Mwalimu mstaafu alikaa kwenye sofa lake kwanza, akavuta pumzi. Kisha akaonyesha alama ya pasi kwenye mkono wa kulia, akaeleza aliichoma mwenyewe siku alipopata barua ya kustaafu. Akatia sahihi kwa mwandiko ambao karani aliusifu. Jenerali alitambua runinga, glasi, pazia na saa. Akathibitisha saa kuwa yake kwa kuwa inakwenda dakika kumi mbele, ili wapangaji wake waishi kwa hofu. Alitaka pia kutia sahihi kwa niaba ya umeme.

Mke wa muuza vipuri aliingia wa mwisho. Watu walimpisha njia, kila mtu alijua Mama hajamsalimia tangu Jumatano. Alikwenda kwenye friji, akaufungua mlango usiofunga bila goti, akaonyesha ndani kibandiko chenye mwandiko wa mumewe: *plagi, dazani mbili*.

"Ni yangu," akamwambia karani. "Niliitoa mwenyewe. Nilimweka jirani benchini kwa sababu nilikuwa namtafuta mume wangu kwa simu aje kuikwangua barafu. Nisingempa mtu friji chafu." Kisha akamgeukia Mama. "Ungeniuliza tu, shoga. Kufunga kiatu cha kuchomeka kunachosha mgongo."

Mama alifunika uso kwa mikono yote miwili. Akasema nisamehe, akasema asante, akasema tena nisamehe, yakachanganyika mpaka hayakutenganishika, na mke wa muuza vipuri akamshika bega mpaka yakaisha.

Vitu vikatolewa nje kimoja kimoja. Vikabaki viti viwili, mkeka, cherehani na mtungi. "Na hivi?" karani akauliza.

"Hivi vyetu," Mama akasema, kichwa juu.

Mtaalamu akachagua kiti chenye waya. Watu wote walizuia pumzi. Kiti kikalia, kikavumilia. Akaomba maji, akapewa ya mtungi kwenye kikombe cha bati, akanywa yote. Halafu akamuuliza karani jambo, karani akatikisa kichwa. Baba akataka kujua kumetokea nini.

"Anauliza fomu ina sehemu ya kuandika majirani," karani akasema. "Nimemwambia haina."

Mtaalamu akatoa daftari lake, akaandika kwa kalamu, mistari mingi. Saa tano na dakika arobaini, kwa saa isiyo ya Jenerali, kishikwambi kikasoma: *Kaya inategemea kivuko.* Baba alikitazama kama mtu anayesoma jina la mwanawe kwenye matokeo ya mtihani. Kisha akaenda mlangoni akampa mkono kila mtu, mmoja mmoja, hata wale waliokuja kutazama tu. Ripoti ikatumwa mchana huohuo.

*

Hadithi ingeishia hapo kwa furaha, na msimulizi angependa sana iishie hapo. Lakini Bibi akasema, "Nipeni ile barua."

Alipewa. Hakuisoma, macho yake hayajasoma barua tangu daktari aanze kumpa matone. Alipapasa muhuri kwa kidole gumba. Akavua ndala ya kushoto, ile iliyotafunwa na panya, akaigeuza chini juu. Soli yake ilikuwa na mistari ya mawimbi. Kisiginoni mlikuwa na tundu la duara, safi, la wembe. Akaiweka juu ya muhuri. Duara likaenea ndani ya tundu kama kifuniko kwenye chupa yake.

"Macho ni mabovu," Bibi akasema. "Kisigino ni kizima. Wiki nzima kinanieleza, mimi ndiye sikusikia."

Karani aligeuka. Jenerali aligeuka. Mwalimu mstaafu alivaa miwani. Wote wakamtazama binti mpole, msikivu, mwenye adabu za kupigiwa mfano, aliyekuwa anarudi nyuma kidogo kidogo kuelekea mlango wa uani.

Hapa msimulizi anaomba kikombe cha maji.

Ni mimi. Duara nililikata Jumapili kwa wembe wa Mama wa kufumulia nyuzi, nikalichovya kwenye wino wa kalamu iliyovuja. Siku ya ugeni niliisoma kwenye ratiba iliyobandikwa jengo la tiketi, na neno "mandhari" nililitoa kwenye matangazo ya shule yetu. Na yale niliyosema mwanzo, kwamba huyo binti hakuhusika na lolote, naomba yafutwe.

Baba hakupiga kelele. Aliniuliza kwa nini.

"Nilitaka kucheka."

"Ukacheka?"

"Jumatatu tu."

Akangoja. Baba amezoea kungoja. Kivuko hakikaribii kwa kukiita. Nikaona uongo umeniishia, nikatoa uliobaki chini yake, ambao ulikuwa kweli. Shuleni wenzangu huzungumzia sofa za kwao. Mimi husema letu ni la kijani. Nilitaka niketi kwenye sofa ndani ya nyumba yetu, hata siku moja.

Mama alisimamisha mkono wake ulipokuwa njiani kuja shavuni kwangu. Baba aliangalia mahali sofa lilipokuwa.

"Ukakaa?" akauliza.

"Nilikaa."

"Likoje?"

"Kuna springi inachoma upande wa kushoto."

Mwalimu mstaafu akasema ni kweli, ipo. Baba akaanza kucheka, akajizuia kwa sababu ya malezi, akashindwa. Kisha akatoa hukumu. Kila kitu nitakirudisha mimi, nikiusukuma mkokoteni mwenyewe, na katika kila mlango nitaomba radhi na kushukuru kwa mdomo wangu. Kwa mke wa muuza vipuri nitaomba radhi mara mbili, ya pili kwa siku zile ambazo nilimwacha ashukiwe nikiwa kimya. Nilifanya hivyo. Alinipa maji baridi, na akanikalisha ndani.

Na niandike yote, Baba akasema, ili nisije nikasahau ni nani waliotubeba. Hii ndiyo niliyoandika. Alipoisoma mwanzo alisema nimejipamba kuliko ile nyumba, lakini niache hivyo hivyo, watu waone nilipoanzia.

Benki ilikaa kikao chake na ikakubali. Bado hakuna daraja, kuna vijiti vyekundu tu vinavyoelea majini kuonyesha nguzo zitakaposimama. Baba huvihesabu kila safari, anaporusha kamba. Mkataba wake ameuweka ndani ya droo ya cherehani, na Mama huifungua droo hiyo akitafuta vifungo, hata siku asizohitaji vifungo.

Bibi alichukua ndala zangu mpya za shule. Mimi nimerithi zake. Nikipita kwenye mchanga mbichi wa gatini, mguu wa kushoto unaacha mawimbi madogo na duara kisiginoni, hatua baada ya hatua, mpaka mlangoni kwetu. Siwezi tena kupita mahali nikasema sikupita.